Mama Aliyeufuata Mlisho Hadi Mbau

Mama mmoja muuza vitenge wa Butembo amefariki, na wiki hii sina moyo wa kuandika siasa. Binti yake alinipigia simu Jumapili baada ya misa. "Mama ametutoka," akasema. "Alilala tu, hapana mateso." Wengi waliomzika walimjua kwa duka lake la karibu na soko na kwa ukali wake kwa madereva wa malori yake yaliyobeba bidhaa. Mimi nilimjua kwa jambo jingine, ambalo hadi leo siwezi kulisimulia bila kustaajabu.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara inayotoka Butembo kupitia Kalunguta hadi Beni, kisha Mbau, ilifungwa na kufunguliwa bila mtu kutangaza. Tulikutana katika chumba cha intaneti mjini, mimi nikituma makala zangu, yeye akitafuta habari za barabara. Mtandao ulikuja kwa setilaiti, tena kwa uvivu; ukurasa mmoja wa gazeti ulikuchosha kabla haujafunguka. Siku moja mwenye chumba akamwonyesha alama ndogo ya rangi ya chungwa pembeni mwa tovuti. Ukiibonyeza, unajiandikisha kwenye mlisho wa tovuti hiyo. Tangu hapo kila kichwa kipya cha habari kinakuja chenyewe, pamoja na vya tovuti nyingine ulizochagua, vyote katika ukurasa mmoja mwepesi. Mama akapiga makofi. "Kumbe habari ndiyo inanifuata, hapana mimi kuifuata!"

Alichagua magazeti mawili ya Kinshasa na blogu ya muuguzi mmoja wa Mbau, mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Muuguzi yule alikuwa mtumishi wa serikali aliyepelekwa huko kutoka Kasai. Kila asubuhi, kwa kompyuta ya kituo cha afya, aliandika mistari michache: nani amejifungua, mihogo imefika sokoni au la, risasi zimesikika upande gani. Mwanzoni mama alimsoma kwa ajili ya malori yake. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani yake wa duka, "Muganga yetu amepona malaria," ndivyo alivyomwita muuguzi yule, kwa furaha ya mtu anayesema habari za ndugu.

Kisha blogu ile ikanyamaza. Magazeti yaliendelea kuleta vichwa vyao, ila chini ya jina la muuguzi hapakuingia kitu. Tukasema labda mafuta ya jenereta yamekwisha. Wiki ikapita, kimya kile kile. Nikamwambia mama nitauliza kwa wakubwa wa Beni.

"Mutu alikuwa anatuambiaka kila siku kama iko muzima," akanijibu. "Sasa ananyamaza. Nani ataenda kumuuliza?"

"Mama, barabara iko mbaya."

"Yeye ndiye alikuwa anatuambiaka kama barabara iko mbaya. Donc, tuende tuone."

Tukapanda lori lake. Baada ya Beni askari wakatusimamisha, na mmoja akataka kujua mama anamfuata nani Mbau.

"Muganga."

"Ni mutoto yako?"

"Hapana. Ni mutu nasomaka."

Askari akacheka, akatazama wenzake, kisha cheko likamwisha. Akainua kizuizi mwenyewe, akatusihi tusichelewe kurudi.

Kituo cha afya tulikikuta kimevunjwa mlango, dishi la setilaiti limeng'olewa, vitanda havina magodoro. Mama alishika rozari yake. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo akatuelekeza kwenye shule ya msingi, na huko, katikati ya majeruhi waliolazwa juu ya madawati, tukamkuta kijana mwembamba akiosha kidonda.

"Ni wewe unaandikaka?" mama akamuuliza.

"Nilikuwa naandika, Mama. Balikamata ordinateur, ile kompyuta ya kituo. Mais hakuna shida, nilizani hakuna mutu anasomaka."

"Mimi nasomaka. Juu ya ile nimekuya."

Muuguzi akaketi palepale sakafuni, akalia. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona tena uso wa mtu anayegundua kwamba kumbe siku zote alikuwa akisikika. Mama akashusha robota la vitenge, akavichana mwenyewe kuwa bendeji. Wakati wa kuagana, muuguzi akampa neno la siri la blogu yake. "Andika: niko muzima. Andika: dawa ya vidonda imekwisha."

Tuliporudi Butembo, mama aliandika maneno hayo kwa kidole kimoja, akakataa msaada wangu. Muda mfupi baadaye kichwa kikatokea kwenye mlisho wake: "Niko muzima." Alikuwa amekiandika yeye, na bado alilia alipokisoma. Majibu yakaanza kuja kutoka Kampala, kutoka Ulaya, kutoka kwa watu ambao nao walikuwa wakisoma kimyakimya. Parokia moja ya Beni ikapeleka dawa.

Siku hizi tunafuatilia watu wengi kwa kidole gumba tu. Mmoja akitoweka, nafasi yake inajazwa na mwingine kabla hatujagundua. Mama yule aligundua. Msomaji wangu, pengine yuko mtu uliyezoea kumsoma, na ni muda sasa hajaandika. Muulize leo kama ni mzima. Asipojibu, na barabara ikiwa inapitika, nenda.