Cheti cha Ng'ombe wa Nyasi Tupu

Katika miaka ya tisini nilifanya kazi ambayo hata baba yangu sikuweza kumweleza akaelewa. Nilizunguka mashambani kati ya Thika na Ruiru kuhakikisha kwamba ng'ombe wa nyama wamekula nyasi tupu tangu walipoachishwa kunyonya. Baba, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote kule Kitale, alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani ng'ombe wengine wanakula nini? Chapati?"

Lakini ng'ombe wa Thika walikula kila kitu. Walikula pumba, molasi, machicha ya pombe, maganda ya mananasi yaliyoletwa na malori, hata uchafu uliozolewa kwenye mabanda ya kuku. Bucha moja kubwa ya mjini ilikuwa ikiuzia mahoteli nyama, na wageni wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza ng'ombe amelishwa nini. Basi bucha ikaandikisha wafugaji tisa, ikawaahidi bei nzuri, kisha ikaniajiri mimi, msichana mwenye diploma ya mifugo, niwe jicho lake. Kila mwezi nilifika bila kutoa taarifa. Nilikagua hori na ghala, nikanusa midomo ya ng'ombe, nikachokora mavi kwa kijiti. Mavi ya ng'ombe wa nyasi yana rangi yake na harufu yake, na ukishayazoea hayakudanganyi. Nikiridhika, natia sahihi cheti.

Sharti moja la kazi lilinilemea kuliko mengine yote. Nilikatazwa kupokea chochote shambani, hata maji ya kunywa. Meneja alisema mkaguzi akishakunywa chai ya mtu, macho yake yanaingia ukungu. Sasa jaribu kukataa chai kwa watu wale. Mwenye boma anatoka na kikombe mkononi, anakusalimu kwa furaha, nawe unasema asante, nimeshiba. Mara ya kwanza anadhani una haya. Mara ya tatu anaacha kuleta, na baadaye anaacha hata kutoka nje. Watoto waliniona napaki pikipiki wakaita kwa Kikuyu kwamba yule wa mavi amefika. Hilo nililielewa, ingawa lugha yenyewe sikuijua.

Nilipanga chumba Gatongora, kwenye ploti ya vyumba kumi. Majirani walikuwa wema, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya kwao. Nikitokea uani na beseni la nguo, waligeukia Kiswahili kidogo, "Habari ya kazi?" halafu wakarudi kwenye Kikuyu na vicheko vyao. Kuna Jumapili nilizomaliza bila kusema neno kwa mtu yeyote, isipokuwa kumwambia mwenye duka anipe mkate.

Kwa hiyo nilikuwa nikisubiri siku ya kwenda Kalimoni.

Huko kulikuwa na mama mjane, kama wa miaka sitini, mwenye maksai thelathini na mmoja. Majirani zake walikuwa wamekata mashamba yao vipande na kuuza ploti, au wamenunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alibaki na malisho aliyoachiwa na mumewe na hakutaka kusikia habari nyingine. Wanawe walikuwa mbali, mmoja Mombasa, mwingine hata hakusema wapi. Aliniita daktari, kama watu wengi walivyomwita yeyote anayeshika ng'ombe. Nilimweleza habari ya chai siku ya kwanza kabisa, naye akafikiri kidogo.

"Sawa. Basi wewe kunywa yako ya kwa flasiki, mimi ninywe yangu. Hakuna mtu amekupatia kitu."

Tukawa tunakaa kwenye ukuta wa josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, kila mtu na chai yake, tukiangalia ng'ombe. Alinionyesha kila mmoja na tabia zake. Huyu ni mwizi wa chumvi, huyu anaogopa mvua. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo saa moja ya mwezi niliyoongea mpaka koo likachoka.

Halafu mvua za vuli hazikuja, na zile za masika zikanyunyiza siku nne zikakoma. Malisho ya Kalimoni yakawa kama mkeka uliochakaa. Wafugaji watatu walijitoa wenyewe kwenye orodha. Yule mama alinunua marobota ya nyasi kavu, jambo lililoruhusiwa, mpaka marobota yakakosekana kote.

Asubuhi moja nilifika nikamkuta amesimama langoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinisalimu bila kunitazama. Nikaingia. Kabla sijafika bomani nikaona nzi wadogo, wale wa matunda, wakirukaruka juu ya mavi. Nikainama. Mavi yalikuwa mepesi, ya manjano, yakinuka uchachu. Nikawa nimechutama pale, sijui niinuke vipi.

"Usitafute, daktari," akasema nyuma yangu. "Iko hapa."

Akafunua karatasi ya plastiki kando ya josho. Chini yake kulikuwa na rundo la maganda ya mananasi.

"Ni saba tu nimewapa. Walikuwa wanalala chini wanashindwa kuamka. Nimewafungia upande ule, zile zingine hazijaonja. Aai, ningefanya nini? Niangalie tu ikikufa?"

"Hapana, mama."

"Basi andika."

Hakuniomba nifiche. Laiti angeniomba, ningekuwa na la kukataa. Niliandika kila kitu: saba wamekula, ishirini na wanne hawajala, wametengwa. Akaweka sahihi yake, mwandiko mzuri wa shule ya misheni, na nikaondoka bila kufungua flasiki.

Ofisini nilimwomba meneja atoe wale saba na kuwaacha wengine. Alikuwa mtu mpole, wala hakupandisha sauti.

"Ulikuwa huko kila siku?"

"La."

"Uliwaona hao ishirini na wanne wakikataa mananasi?"

"Mama mwenyewe amesema."

"Hoteli hainunui nyama kwa sababu mama amesema. Inanunua kwa sababu wewe umesema. Unaweza kusema?"

Nikachukua barua ya kumfuta kwenye orodha, nikaipeleka mwenyewe Kalimoni, kwa sababu sikutaka aipate posta.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara nne.

"Miaka hii miwili ulikuwa unaniamini ama ulikuwa unaamini mavi?"

"Nilikuamini, mama."

"Na sasa?"

"Bado nakuamini."

"Lakini huwezi kuandika."

"Siwezi kuandika."

Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani akafunga mlango. Hakuubamiza. Wiki ile aliita wachuuzi wa ng'ombe, wakawachukua wote thelathini na mmoja kwa malori mawili.

Baada ya hapo kazi ilinitoka moyoni. Niliendelea kukagua, kunusa na kutia sahihi, na nikirudi Gatongora nilikuwa nafunga mlango mapema na kusikiliza sauti za majirani ukutani. Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Kila nilipopita Kalimoni niliona nyasi za yule mama zimefika magotini, mbichi, bila mnyama hata mmoja ndani yake. Nilipunguza mwendo lakini sikusimama.

Haukupita mwaka, bucha ikaacha mpango wenyewe. Mahoteli yalikuwa yamechoka na bei. Nikapata nafasi ya kazi Nakuru, na wiki ya mwisho nikaenda Kalimoni kwa miguu kutoka steji ya matatu, kwa kuwa pikipiki ya kazi nilikuwa nimeirudisha.

Nilimkuta malishoni na panga, anakata nyasi za kuuzia wenye ng'ombe wa maziwa wa Ruiru. Pikapu ingekuja saa kumi na hakuwa amefika nusu.

"Umekuja kukagua nini? Hakuna ng'ombe."

"Nimekuja kuaga, mama. Nahama."

Alinipa panga la pili lililokuwa limelala kwenye gunia. Tulikata nyasi mchana kutwa, tukizifunga mizigo kwa kamba za katani, na mikono yangu ikatoka malengelenge. Tulipopumzika aliuliza kitu ambacho hakuna mtu wa upande ule aliyewahi kuniuliza.

"Mama yako yuko?"

"Alikufa nikiwa chuo."

"Na miaka yote hii hukusema."

"Hatukufika huko."

Akaniangalia, akaondoa kipande cha nyasi kilichokuwa kimenasa kwenye nywele zangu, akakitupa. Kisha tukasikia pikapu ikipiga honi barabarani, tukainuka kubeba mizigo, yeye mbele, mimi nyuma.