Dirisha Lililomfukuza Mama

Mpaka leo nikiona nyumba iliyobandikwa tinti madirishani, damu inanichemka. Watu huniambia tulia, ni karatasi tu. Karatasi tu! Anayesema hivyo hajawahi kuwa na mimba ya miezi minane ndani ya nyumba ambayo mama yake mzazi amesimama nje asijue.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi walipofurika kwetu na mashirika yakawafuata na magari yao ya vioo vya giza. Kasulu nzima ikashikwa na wazimu wa vioo hivyo. Mume wangu alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye duka la vitambaa, aliyependa kuwa wa kwanza katika kila jambo. Gari hakuwa nalo, basi akaona aivalishe nyumba. Akamleta fundi kutoka Kigoma mjini, akabandika karatasi ya rangi ya fedha kwenye madirisha yote mawili ya mbele. Mchana, ukiwa ndani unaiona barabara yote. Ukiwa nje unauona uso wako mwenyewe.

"Sasa utakaa kwa heshima," akaniambia. "Mke wa mtu si picha ya ukutani, kila mpita njia aitazame."

Nani alimwomba anifiche? Mimi nilikuwa nashona nguo za watoto pale dirishani kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Wapita njia walinisalimu, nikawaitikia huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Heshima yangu haikupungua hata chembe.

Tena dirisha lile lilikuwa mlango wa mama yangu. Mama aliishi Makere na alishika mila za kwao bila mzaha: mama mkwe hakanyagi kizingiti cha mkwewe, hagusi mlango wake, wala hapazi sauti kwenye nyumba yake. Kwa hiyo kila siku ya soko alishuka kwenye lori, akasimama nje ya dirisha langu, akainama kidogo na kupiga makofi polepole, kama Waha tunavyosalimiana. Nikimwona naacha cherehani, natoka na mkeka, tunaongea hadi lori lake liondoke. Mume wangu alilijua hilo vizuri. Siku ya kubandika hakulikumbuka, au alilikumbuka akaona si kitu.

Karatasi ile ilileta giza sebuleni hata kutia uzi kwenye sindano ikawa kupapasa. Nikaihamishia cherehani uani, nyuma ya nyumba, ambako kuna ukuta pande zote na hakuna njia ila kupitia ndani. Siku ya soko iliyofuata sikumwona mama. Nikadhani lori limeharibika.

Habari niliipata wiki moja baadaye, kwa jirani yake wa Makere aliyeleta maharage sokoni. Hata kukaa hakukaa.

"Wewe mtoto, mama yako amekukosea nini?" aliniuliza. "Amesimama hapo na mkungu wake wa ndizi, amepiga makofi mpaka jua limegeuka. Cherehani yako anaisikia. Dirisha linamwonyesha sura yake tu. Amesema, kama mwanangu ameniweka mbele ya kioo nijitazame umaskini wangu, basi nimejitazama. Harudi tena."

Nililia. Nikamsihi yule jirani akamweleze mama kwamba sikumwona, kwamba nilikuwa uani. Jibu lililorudi lilikuwa lilelile: nimeshajitazama.

Na ile ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Kwetu mjukuu wa kwanza hupokewa na mama wa binti. Yeye ndiye wa kumwogesha kwanza, na wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Safari mimi sikuiweza tena, barabara ya Makere ilikuwa mashimo matupu. Nikamwomba mume wangu mambo mawili: abandue karatasi, na atume mtu wa heshima akamtake radhi mama.

"Mama yako angebisha hodi kama watu wengine," akasema. "Siwezi kuharibu kitu kinachosifiwa na mji mzima kwa ajili ya mambo ya shamba."

Mambo ya shamba! Ndizi za huko shamba alikuwa akizila.

Jioni moja aliwasha karabai, nami nikatoka mbele kuanua nguo. Nilipogeuka nilipigwa na butwaa. Karatasi ile hufuata mwanga: taa ikiwaka ndani na nje kukiwa giza, kila kitu hugeuka. Nyumba yetu ilikuwa wazi, hadi sufuria mezani. Mume wangu alikuwa amesimama dirishani na fulana yake, anajiona kwenye kioo, anachana masharubu na kutunisha kifua. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza kahawa, wanaume watatu walikuwa wanamtazama huku machozi yakiwatoka kwa kucheka.

"Geuka na upande wa pili, bwana harusi!" mmoja akapaza sauti.

Aliisikia. Akatoka, akasimama kando yangu, akaitazama nyumba yake. Kisha akaingia ndani, akachukua kisu, na kabla chakula hakijapoa madirisha yote mawili yalikuwa meupe. Mimi nilikuwa nimelia siku zote zile, hakubandua hata ncha. Kicheko cha wanywa kahawa kilibandua yote. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kubandikwa kwenyewe.

Asubuhi alimtuma mjomba wake aende Makere kumtaka radhi mama. Usiku uliofuata uchungu ukanishika.

Mama alifika mtoto ana siku tatu. Nilisikia makofi, nikamwona kupitia kioo, nikatoka na mwanangu. Alimpokea, akamnusa utosini.

"Nani alimwogesha?"

"Jirani, mama."

"Amemwogesha vizuri," akasema, kisha akageuzia uso barabarani.

Nilipoingia ndani mume wangu aliniuliza kama mama amefurahi. Nikamwambia asogee dirishani amtazame mwenyewe, hakuna kinachomzuia.