Bao la Kugawanya

Hasira hii sijaimeza mpaka leo, na sitaki kuimeza.

Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa tano kwenye shule ya mapadiri, Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Hesabu ya kugawanya iliwatoa watoto machozi: waimbe, wakosee, wachapwe. Nikachoka. Nikachimba mashimo ya bao nyuma ya darasa, nikageuza sheria. Ukila kete za mwenzako, kabla ya kuzigawa useme kila shimo litapata ngapi na ngapi zitabaki. Ukikosea, unarudisha zote. Jamani! Watoto waliokuwa wanakimbia hesabu wakaanza kunigombeza nikichelewa.

Aliyewashinda wote alikuwa mutoto mumoja wa mtaa wa Waislamu. Baba yake alimleta shingo upande, akiogopa tutambatiza. Alisema wazi: akianguka mtihani, anakwenda Kabambare kulima pamba kwa mjomba wake.

Siku ya mtihani padiri mkubwa alikuja kuuliza mwenyewe. Hamsini na mbili, gawa kwa saba. Mtoto akafumba macho. Vidole vikaanza kudondosha kete zisizokuwepo juu ya meza, midomo inachezacheza. Mimi nilijua anacheza bao kichwani. Padiri akaruka.

"Anavuta tasbihi! Ndani ya shule yangu!"

"Hapana, Padiri, iko nahesabu. Mumungojee kidogo, atajibu."

"Funga kinywa, mwalimu!"

Akamkamata mkono, akamtoa nje, akamfuta shule palepale. Mashimo yangu yakafukiwa mchana uleule. Mtu mzima, amesoma mpaka amezeeka, kungojea jibu la mtoto hawezi! Upuuzi mtupu.

Jioni nikaenda kwa baba yake, twende pamoja tukaombe mtoto aulizwe tena. Nikakuta kuku ameshachinjwa, majirani wamejaa, baba anacheka.

"Mwalimu, karibu! Kumbe mwanangu anamtaja Mungu mbele ya mapadiri! Alhamdulillahi!"

"Baba, hakuwa nasali. Alikuwa nagawanya."

"We mwalimu, usimuharibie mutoto jina."

Nikamwambia tena, kwa sauti. Hakuna aliyenisikiliza, wote wanampa mtoto mkono wa pongezi. Nilitamani kupiga teke ile sufuria.

Mtoto akaja kuninawisha mikono. Akainama na birika, akaninong'oneza: "Mwalimu, ni saba. Zinabaki tatu."

Ilikuwa kweli. Kesho yake baba akamtia njiani kwenda Kabambare.