Mzee Alirudi, Minara Haikurudi

Teksi iliposimama mbele ya kibaraza, Bi Mkasi alikuwa anapinda suruali ya mtu. Dereva akashuka, akamtoa mzee, baba yake Bi Mkasi, kiti cha nyuma kama anayeshusha gunia la viazi, akamkalisha kwenye ngazi. Pembeni akatupa mfuko wa nguo ambazo hazijaona sabuni tangu zitoke hapo hapo.

"Nimeambiwa nimlete," dereva akasema. "Yule mama kasema mzee anakulilia wewe. Hali, halali."

"Na vitu vyake vingine?"

"Vitu gani tena, mama? Si ndiyo hivyo."

Hapo ndipo lilipoanzia. Miaka ikapita, mzee akafa, nywele za Bi Mkasi zikawa nyeupe, na lile donge bado lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukimkuta kwenye cherehani yake, mguu unakanyaga, midomo inachezacheza, usifikiri anahesabu mshono. Alikuwa anamsema mdogo wake.

Mdogo wake huyo walimwita Kipenzi, na jina alipewa na baba yao. Bi Mkasi lake alipewa na mtaa, na si kwa sababu ya ushonaji. Ni mdomo.

Baba yao alikuwa mpishi wa melini. Wenzake walirudi na redio na vitambaa, yeye akirudi na sanamu za minara ya taa, ile inayoongoza meli zisipande mwamba. Ndogondogo, zingine za kukaa kiganjani, zingine ndefu kama chupa. Mistari myekundu na myeupe, kidirisha, kijumba cha mlinzi chini. Kila bandari mnara wake, ndivyo alivyosema. Alizipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, na mgeni hapewi hata kiti kabla hajaonyeshwa.

"Hii ni mali," alikuwa anasema. "Nikifa mtajua."

Mtaa mzima uliamini. Kipenzi ndiye aliamini kupita wote.

Basi mzee miguu ikamwisha. Baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, akawaita mabinti wawili, akasema atakayemchukua mzee atachukua na minara, maana mgonjwa anakula, anavaa, anachafua, na mtu asifanye kazi ya bure. Kabla hajamaliza, Kipenzi kashadakia: "Baba ni wangu. Kwangu choo kiko ndani." Ikaja lori. Safari ya kwanza likapakia kabati. Mzee akafuata safari ya pili.

Mwezi haukuisha, mzee karudi na teksi. Minara haikurudi. Mgongoni alikuwa na kidonda ungeweza kufunika kwa kisahani cha chai, na mkononi kashikilia mnara mmoja, mdogo, alioukumbatia wasimnyang'anye.

Bi Mkasi alivaa viatu akaenda. Alimkuta mdogo wake sebuleni, anapaka rangi kucha.

"Umemrudisha mzee. Rudisha na minara."

"Dada jamani, rafu zake zimeshapigiliwa ukutani. Nikizing'oa ukuta si utabaki na mashimo?"

Umesikia? Ukuta wake usipate tundu. Mgongo wa baba yake ukipata tundu ni sawa.

Bi Mkasi alimwosha mzee, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko mpaka siku yake ilipofika. Kipenzi hakukanyaga. Alikuja kuzika, na siku hiyo alilia kuliko wote, akaanguka, akashikwa huku na huku. Bi Mkasi alimtazama akagundua kitu kimoja tu: kitenge kipya, na fundi aliyekishona hakujua kazi.

Sasa nyumba aliyoacha mzee. Ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza kinachotazama barabara, na hapo kibarazani ndipo cherehani ilipokaa, ndipo wateja walipopajua. Kipenzi alivumilia kidogo, halafu akaja amevaa miwani ya jua, akasimama bila kukaa.

"Dada, tuuze hii nyumba tugawane. Mume wangu anataka kumalizia ghorofa."

"Na mimi nikaishi wapi?"

"Upange, dada. Watu wote wanapanga."

Mtu kazeeka, macho yanaanza kugoma, aende kupanga chumba uani kwa watu na cherehani juu ya kitanda! Pesa ya kumlipa mdogo wake nusu hakuwa nayo wala hakuwa na wa kumkopesha. Baba mdogo akaitwa. Naye akasema nyumba ni ya wote wawili, hilo halina ubishi, lakini kila mtu kwanza aweke mezani alichokwisha kuchukua.

Ukoo huo una utaratibu wao, wanaujua wenyewe. Kwenye mgawo hawaleti mtu wa nje akadirie bei. Mwenye kitu anataja bei ya kitu chake, mara moja, mbele ya watu. Mwenzake ana mawili. Ama akichukue yeye kwa bei hiyo, ama amwachie, na bei hiyo ikatwe kwenye fungu la mwenye nacho. Ukitaja ndogo unanyang'anywa. Ukitaja kubwa umejila mwenyewe. Na bei ikishatamkwa hairudi mdomoni.

Bi Mkasi akapata moyo. Akawaza, kama hii minara ni mali kweli, basi Kipenzi kashachukua fungu lake zamani, nyumba inabaki. Akauchukua ule mnara mmoja aliokufa nao mzee mkononi, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda kwa mthamini wa nyumba ya mnada.

Chumba cha mthamini kilijaa saa za ukutani zisizotembea, na kila moja ilisema saa yake. Mwenyewe kijana mwenye tumbo la kizee. Akaupindua mnara, akautazama kitako, akachukua kisu kidogo akaukwangua shingoni. Ukakatika. Ndani nyeupe, unga mtupu.

"Samahani, mama. Ni plasta. Inamiminwa kwenye kalibu kama matofali."

"Baba yangu alinunua kila bandari wa kwake."

Mthamini hakubishana. Akaenda nyuma, akarudi anasukuma boksi kwa mguu. Bi Mkasi akainama. Minara! Yenye mistari, yenye kijumba, ule mnene mzee aliosema aliupata kwenye baridi kali mpaka masharubu yakaganda. Yote imelaliana humo kama dagaa.

"Kiwanda kimoja hicho," mthamini akasema. "Wanabandika jina la bandari yoyote. Mabaharia walinunua sana. Nimezipeleka mnadani mara ngapi sijui, hakuna hata anayepunga mkono. Ukitaka nyingine chukua, mama, zinanijazia nafasi."

Bi Mkasi akakaa kwenye benchi. Kwanza machozi yalimlenga, maana nyumba ndiyo hiyo inakwenda. Kipenzi akijua ni plasta atataja bei ya karanga, atakatwa hizo karanga tu, na kibaraza kitauzwa. Halafu akamkumbuka baba yake na masharubu yake yaliyoganda, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mthamini akamletea maji.

"Hivi vipande niviweke wapi?" mthamini akauliza.

"Baki navyo, mwanangu."

Akatoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa msusi, yule anayemsuka Kipenzi, mwanamke ambaye ukimpa siri asubuhi, mchana inakusalimia njiani. Alikaa akajipepea.

"Unatoka wapi umependeza hivyo, bibi?"

"Kwa mthamini wa mnada. Nilimpelekea ule mnara mmoja wa marehemu."

"Enhe! Kasema nini?"

"Aa, niache. Kale kamnara kamebaki kwake. Mwenzangu, na baba yangu alikuwa anasema!" Akatikisa kichwa. "Usimwambie mtu."

Katika yote aliyosema hakuna uongo hata mmoja. Ukipenda kapime.

Siku ya kikao Kipenzi alikuja na manukato yaliyotangulia kuingia. Baba mdogo akakaa katikati, fimbo kati ya magoti. Bi Mkasi alikuwa ameweka vikombe vya chai na sura ya msiba.

"Haya," baba mdogo akasema. "Minara iko kwako, mama. Taja."

Kipenzi akamtazama dada yake. "Kwanza nikuulize. Ule mmoja uko wapi?"

"Kwa mthamini."

"Kwa nini hujaurudisha?"

"Kabaki nao. Sijui hata nikuambie nini," Bi Mkasi akasema, akainamisha macho kwenye kikombe. "Taja tu, mdogo wangu. Unihurumie. Sisi sote ni watoto wa marehemu, tusikomoane. Taja kidogo tu."

Hapo Kipenzi akatabasamu. Alimwona dada yake anatetemeka, akafikiri ni tamaa. Kumbe mama wa watu alikuwa amejibana asicheke.

"Ungependa nitaje kidogo, eh? Ili uichukue?"

"Punguza basi, ukumbuke nilivyomuuguza."

"Hukutumwa." Kipenzi akavua miwani. "Baba mdogo, minara ya baba bei yake ni nusu ya nyumba hii. Nusu nzima. Kama anaweza, achukue."

Baba mdogo akakohoa. "Umefikiri, mama? Ikitamkwa hairudi."

"Nimefikiri tangu juzi."

"Bi Mkasi?"

Bi Mkasi akanywa chai yake, funda moja, taratibu, akaweka kikombe. "Bei hiyo siiwezi. Abaki nayo."

"Basi," baba mdogo akasema, akapiga fimbo sakafuni. "Fungu lake kashachukua. Nyumba ni yako."

Kipenzi wala hakushtuka. Alinyanyuka anacheka, akambusu dada yake mashavu yote mawili. Kichwani kwake kulikuwa na ghorofa mbili. "Pole, dada. Angalau cherehani yako haitanyeshewa." Nje, dereva wa pikapu alikuwa anamsubiri, na minara yote imeshapakiwa kwenye maboksi, imefungwa mashuka mazuri. Moja kwa moja kwa mthamini.

Jua halijazama, karudi. Kwa miguu. Kiatu kimoja kimekatika kamba, wanja umeshuka mpaka kidevuni. Akasimama kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kanionyesha boksi zima! Kanicheka, dada! Mbele ya watu!"

"Hata mimi nilicheka."

"Mume wangu ataniambia nini? Kashaagiza nondo za watu!" Akakaa chini, pale pale ngazini, akajishika kichwa. "Mimi ni damu yako. Ungeniambia tu. Tungegawana nyumba, ungepata chako, nami changu, kama dada na mdogo."

"Nilikufuata kwako nikakuomba. Ulikuwa unapaka kucha."

"Miaka yote hiyo bado unayo tu moyoni?"

"Yote. Sijapoteza hata mmoja."

Kipenzi akaangua kilio, kilio cha kweli safari hii, hakuna wa kumshika. Wapita njia wakageuza shingo. Msusi ng'ambo ya barabara akasimama na kitana mkononi, mteja wake kaachwa nusu kichwa.

"Dada, nipe hata chumba kimoja. Nitamwambia mume wangu tunacho chumba."

Bi Mkasi akafunika cherehani yake kwa kitambaa. Akaokota nyuzi, akachomeka sindano kwenye mto wake. Kibaraza kilikuwa na vipande vya vitambaa tangu asubuhi, na yeye hajawahi kulala na kibaraza kichafu. Akachukua ufagio, akaanzia mlangoni.

"Sogea nifagie."

Mwenziwe hakusogea. Alikuwa bado analia, kajikunja. Bi Mkasi akafagia akishuka, nyuzi, vumbi, vifungo vilivyovunjika, na alipofika ngazini hakusimama. Akampitishia ufagio miguuni, mara ya kwanza, mara ya pili, takataka zikimrundikia kwenye ule mguu usio na kiatu, mpaka Kipenzi akanyanyuka mwenyewe akashuka barabarani.

Bi Mkasi akamalizia ngazi ya chini, akaingia ndani, akafunga mlango.