Kiungo cha Robo Inchi kwenye Tundu la Milimita

Harufu ya katani iliyolowa rangi ya mafuta ndiyo ya mwisho niliyonusa nikiwa na macho mawili. Ukafuata mlio, kama gurudumu la lori limepasuka, na kiungo cha chuma kikachomoka kwenye tangi la hewa kikanipiga jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama tu na birika la chai. Nilikuwa darasa la tano, na darasa hilo sikulimaliza.

Kiangazi kile malori ya mchanga yalijaa mjini Kiritiri, na baba yangu mdogo, Ireri, alikuwa na mashine ya kujaza upepo kando ya soko. Vumbi, mpira ulioungua, mbuzi wamelala kivulini chini ya malori. Nilipapenda pale, sitadanganya. Asubuhi hiyo kiungo cha kushikia mpira wa hewa kilivunjika, na Ireri akanunua kingine kwa kukitazama tu. Nyaga, fundi wake, alikizungusha kwa vidole kikaingia kikiyumba.

"Mzee, hii inacheza. Tupime meno kwanza."

"Zungushia katani. Bomba la kanisa lina katani na halijawahi kuvuja."

"Lile ni la maji. Hii ni hewa."

"Wewe ni fundi ama padri? Funga, watu wanangoja."

Nyaga akafunga. Geji ya kupimia meno ya skrubu, ile kama kichana cha chuma, ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yake. Niliiona.

Nikiwa bado hospitalini Embu, Ireri aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mtoto alichezea mashine. Nyaga akaitikia kwa kichwa. Mbuzi akachinjwa, ikasemwa mambo yameisha. Mimi hakuna aliyeniuliza, na mpaka leo kwenye harusi za kwetu naonyeshwa kwa kidole: yule aliyechezea mashine.

Siku hizi nauza viungo vya mabomba karibu na soko la Gakoromone. Mteja akiniambia "inaingia tu, mama," namwambia alete nipime au aende kwingine. Juzi nilirudi uani kwa Ireri, ambako tangi lile limelala na kutu yake. Kile kiungo mama yangu alikuwa amenihifadhia kwenye kopo. Nikakipima kwa kalipa: upana milimita kumi na tatu na kidogo. Geji ya milimita haikulala kwenye meno yake. Ya inchi ililala. Ni kile ambacho sisi wa mabomba hukiita cha robo inchi, kwa jina la tundu lake la ndani, si upana wa nje. Kisha nikatia kwenye tundu la tangi bolti ya milimita kumi na nne, yenye meno yaliyoachana milimita moja na nusu. Ikaenda kwa vidole mpaka mwisho, imetulia: tundu lilikuwa la milimita.

Ireri alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake. "Mambo hayo tulishayalia mbuzi," akasema.

Mlikula nyinyi. Sasa wewe Ireri, na wewe Nyaga unayekaa kiti cha mbele kanisani, simameni mbele ya ukoo uleule mseme kwa midomo yenu ni nani alikataa kupima, ni nani alifunga akijua, na kwa nini mlimtwika mtoto kosa lenu.