Shemeji alituwekea encyclopédie kwenye kompyuta ya nyumbani, ikamponza binti yangu kwenye swali la ziwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi niko Bujumbura, mitaa ya Kamenge, ni fundi umeme. Huwa nasoma tu na kupita kimya kimya, ila juzi nimeona mtu anauliza kama inafaa kuwawekea watoto encyclopédie, yaani kamusi ya maarifa yote, kwenye kompyuta iwasaidie homework. Nikaona nieleze yaliyotukuta sisi. Sitii chumvi, hata sehemu zinazonifanya nichekwe mimi mwenyewe nimeziacha kama zilivyo.

Kwanza muwajue watu wa nyumbani, si wengi.

Kuna mke wangu, Mama Divine, mzaliwa wa Uvira, anauza vitenge sokoni. Kuna binti yetu Divine, yuko shule ya msingi bado. Halafu kuna Pascal, mdogo wake mke wangu, fundi wa simu na kompyuta. Haishi kwetu lakini anakula kwetu.

Pascal ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo kuna joto, atakwambia we hujui joto, joto lilikuwa jana. Na mimi kushindwa sipendi, kwa hiyo chakula cha jioni kwetu kilikuwa kelele tupu.

Divine ni kinyume kabisa. Kimya. Mwalimu wake, tunamwita Madame tu, kila muhula alituambia neno lile lile: mtoto anajua, ila hasemi. Akiulizwa anaangalia dawati. Hilo lilinisumbua kuliko alama, maana mimi nilikuwa hivyo hivyo utotoni na najua nilivyopitwa na mambo.

Sasa siku moja Pascal akaja na kompyuta ya zamani aliyoitengeneza, ndani ameweka hiyo encyclopédie. Inafanya kazi offline, haili mega za intaneti hata kidogo. Nchi, wanyama, magonjwa, nyota, kila kitu kiko mle, kwa Kifaransa, na picha juu.

Wakuu, sitaki kuwa mtovu wa shukrani. Ile kitu ilimfungua mtoto mdomo.

Jioni moja tunakula, Divine akasema bila kuulizwa, "Papa, unajua twiga ana mifupa ya shingo sawa na yetu? Saba tu." Mama yake akaacha kijiko. Kesho yake akatueleza kuhusu mchwa, keshokutwa kuhusu mwezi. Homework akawa anaimaliza kabla umeme haujakatika. Mimi nilikuwa nasikiliza tu na moyo wangu umetulia.

Ile kompyuta tukaiita mashine. Na ubishi wote ukahamia kwake. Mtu akibisha, "Tuulize mashine!" Atakayeshindwa anaosha vyombo, tena uani, majirani wanamwona.

Pascal akawa anashinda sana. Nikasema moyoni, kumbe huyu jamaa ana kichwa.

Hata mke wangu alishinda mara moja. Mimi nilikuwa na desturi ya kahawa baada ya chakula cha jioni, kikombe kikubwa. Yeye akasema kahawa ya jioni inang'oa nywele. Nikacheka sana. Tukafungua mashine kesho yake, ikasema vile vile, kahawa ya jioni huchangia upara. Nikajishika kichwa, na kweli mbele palikuwa pameanza kupungua. Nikaacha. Nikahamia kwenye maji ya mchaichai, na sikuyapenda hata siku moja.

Basi ikaja siku ya ziwa.

Pascal akasema ziwa letu Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Nikamwambia apana, ni la pili, la kwanza liko Urusi, tulifundishwa hivyo. Akasema tulifundishwa vibaya. Hatukuafikiana, akaondoka. Kesho yake akaja mapema, mimi bado niko kazini. Nilipofika tukafungua mashine. La kwanza duniani, Tanganyika!

Nikaosha vyombo. Mama wa jirani akachungulia juu ya ukuta akaniuliza kama mke wangu anaumwa.

Divine alikuwepo, aliisoma ile sentensi kwa sauti yeye mwenyewe.

Wiki chache baadaye shuleni wakawa wanachagua timu ya shindano la maswali dhidi ya shule nyingine. Na Divine, wakuu, mtoto wa kuangalia dawati, akanyoosha mkono akaomba kujaribiwa. Mama yake aliposikia alinunua mukeke siku hiyo, samaki mzima, tukala kama sikukuu.

Swali alilopata mbele ya darasa zima: ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote duniani?

Akajibu kwa sauti kubwa. Tanganyika.

Madame akamwambia si sahihi, hilo ni la pili. Hapo zamani Divine angekaa. Safari hii akabisha, "Apana Madame, ni la kwanza, nimelisoma mwenyewe kwenye encyclopédie yetu." Madame akatoa atlasi, akamwonyesha. Baikal. Darasa likaangua kicheko. Kufikia mapumziko walishampa jina, "Encyclopédie".

Kwenye timu hakuchukuliwa.

Alirudi nyumbani akaifunika mashine na kitenge cha mama yake, akaenda kukaa chumbani. Jioni tukamuuliza, akaangalia sahani. Siku zikapita hivyo. Madame akatuma ujumbe kwamba hasemi tena kabisa, hata akiitwa jina kwenye mahudhurio ananyoosha kidole tu. Roho iliniuma, sina namna nyingine ya kusema.

Nikaamua kununua mega nikaangalia kwenye simu. Baikal, kweli. Nikafungua mashine, ukurasa wa Tanganyika: la kwanza duniani. Nikashangaa. Nikasema ngoja nifungue ukurasa wa hiyo Baikal kwenye mashine hiyo hiyo.

Baikal: la kwanza duniani.

Yaani mashine moja, maziwa mawili, yote ya kwanza. Mimi ni fundi umeme, najua waya ulioguswa na mtu. Nikampigia Pascal.

Akaja anacheka. Akaeleza kwa raha zake: kurasa za ile programu ni mafaili ya kawaida tu ndani ya folda. Unafungua, unafuta maneno, unaandika yako, unahifadhi. Ya Tanganyika aliibadilisha. Ya Baikal akaisahau.

"Ilikuwa mchezo, shemeji. Nilitaka uoshe vyombo tu."

Nikamwambia ageuke nyuma. Divine alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Pascal akaacha kucheka.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Mutoto wangu, mi sikujua utaenda kuisema shule."

Nilikasirika, wakuu. Nilimuuliza ni nini kingine alibadilisha. Akajikuna kichwa, akasema vingi, havikumbuki vyote. Mke wangu hapo alikuwa ametoka kwenda kuangalia sufuria. Sikulitilia maanani wakati ule.

Pascal akaomba afute kila kitu, aweke nakala safi, kazi ya saa moja. Nikamwambia afanye haraka.

"Apana."

Ni Divine. Siku nyingi hatujaisikia ile sauti.

"Msifute. Nitautafuta uongo wote mi mwenyewe. Na Tonton Pascal atakaa hapa na mi."

Ikawa hivyo. Madame nilimfuata nikamweleza, akatuazima atlasi na vitabu vya sayansi. Kila Jumapili nikawa naweka mega kwenye simu, Divine analinganisha ukurasa kwa ukurasa, Pascal pembeni yake kama mshtakiwa. Akimaliza anaenda kuosha vyombo, hiyo haikuwa na mjadala.

Akamkamata moja baada ya nyingine. Kwamba wanaotumia mkono wa kushoto hufikiri haraka zaidi (Pascal ni wa mkono wa kushoto). Kwamba ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanatia nguvu mwilini kupita nyama ya ng'ombe mara kumi. Kwamba gitaa lilianzia Kongo. Mengine hata mimi niliyapenda, ikanibidi niyaache.

Halafu jioni moja, tunakula, Divine akasema, "Papa, na ile ya kahawa na upara, nayo ni uongo."

Nikamwangalia Pascal. Pascal akamwangalia dada yake.

Mama Divine wala hakujificha. "Ulikuwa haulali, we mwanaume! Unazunguka nyumba usiku kucha unahesabu vyombo vya kazi. Ningefanya nini?"

Divine akacheka mpaka akapaliwa na ugali. Kwa hiyo mimi hiyo kesi nikaifunga pale pale. Kahawa nimeirudia, kikombe kidogo, alasiri.

Mwezi uliopita Madame akaniita shuleni. Nilienda na wasiwasi.

"Papa Divine," akaniambia, "mutoto wako sasa ananichosha. Nikifundisha kitu, ananyoosha mkono: Madame, umekisoma wapi?"

Nikaomba msamaha.

"Usiombe. Mara mbili nimeenda kuangalia, na mara moja kweli nilikuwa nimekosea. Nimemweka kwenye timu ya muhula huu. Akawachoshe na wale wa shule nyingine."

Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani bila kupanda kitu, nafurahi peke yangu njiani.

Kwa hiyo yule aliyeuliza: ndiyo, wawekee watoto encyclopédie, inasaidia sana. Ila wafundishe kuangalia sehemu ya pili kabla ya kusema walichokisoma kwenye ya kwanza. Na ujue nani ameiweka, na anakula wapi jioni.

Waliopitia mambo kama haya waandike hapa chini, nasoma yote. Ila andikeni kwa uangalifu. Divine amekaa pembeni yangu, na ameshaniuliza nyinyi wote mnayoyaandika mmeyasoma wapi.