Mdogo wangu aligoma kutobolewa mfupa Jeddah hadi ajue nani atamwaga maji

Wakuu, nawasalimu kutoka Al-Sulay, Riyadh. Haya yametupata mimi na mdogo wangu, nami nitayasema yalivyokuwa. Pale nisipokuwa na uhakika nitawaambia.

Mimi naendesha forklift kwenye stoo. Mdogo wangu Wakesho anafanya kazi za ndani Jeddah. Wazazi walifariki tukiwa wadogo kule Voi, nikaacha shule darasa la saba na kuingia karakana ya mageti ili yeye asome.

Mwaka huu aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba zulia, mfupa wa muundi ukavunjika. Madam wake alimkimbiza hospitali, sina lawama.

Daktari akasema lazima awekwe chuma na skrubu.

Wakesho akakataa kusaini.

Alionywa kwamba mfupa ukiungana vile ulivyokaa, atachechemea maisha yake yote. Kwenye simu alikuwa analia tu, sababu hasemi. Nikamwomba ruhusa kafili, yaani mwajiri wangu, akasema yalla, nenda. Nikapanda basi la Jeddah.

Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilidhani anaogopa kisu, au kulazwa usingizi asiamke.

Haikuwa hivyo.

Alikuwa ameelezwa kwamba skrubu haiingii mpaka mfupa utobolewe kwa drill. Basi akaikumbuka karakana. Akitoka shule alikuwa anakuja kunisaidia: mimi natoboa chuma, yeye anaimwagia biti, ile ncha ya drill, maji kidogo kidogo kwa kopo la siagi. Akisinzia tu, moshi unapanda na biti inageuka bluu. Hadi leo ana alama kwenye mkono, kipande cha chuma cha moto kilimrukia.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, mimi nikishalala, nani atashika kopo?"

Wakuu, ningeweza kumwambia asijali, lakini huyu nimemlea mwenyewe. Nikidanganya anajua.

Nikamtafuta daktari, Msudani mmoja mpole. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha stoo, mengine kwa mikono. Akavuta kiti akakaa. Alisema ni kweli, drill inasugua mfupa hadi unapata moto. Tena mfupa hausubiri moto wa kuunguza chuma. Joto la kiasi tu, likikaa hapo, sehemu ile inakufa na skrubu inakuja kulegea. Ndiyo maana wanatumia biti kali, wanatoboa kidogo na kuchomoa, hawakandamizi, na maji safi ya chumvi yanamwagwa muda wote.

Nikauliza kama wanatia na mafuta, maana sisi chuma kikiwa kigumu tulikuwa tunatia ya kupikia.

Hapo ndipo alipocheka. Mafuta mafi, akasema, yaani kwa Kiarabu hakuna, maji tu.

Tukarudi wodini pamoja na nesi wa Kifilipino ambaye ndiye angemwaga. Wakesho akamtazama mikono kwa muda, kisha akaniambia, "Mwambie asisinzie."

Nikatafsiri. Nesi akamshika kidole gumba, akaahidi.

Halas, akasaini.

Alipozinduka, midomo imemkauka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Alisinzia?"

Nikamwambia hapana. Wakuu, hapo sikuwa na uhakika. Sikuwa ndani, nilirudia tu alichoniambia nesi.

Ila juzi amepigwa X-ray. Mfupa umeshikana, skrubu zote zimekaza. Amenitumia video akitembea jikoni bila gongo, ananionyesha mguu kama mtoto mwenye viatu vipya. Sasa nina uhakika.

Nilichojifunza: mtu wako akigoma matibabu, usikimbilie kumtuliza. Muulize ni kitu gani hasa anachoogopa, halafu kiulizie kwa anayejua, hata kama swali linaonekana la kitoto.

Humu kuna mwenye chuma mguuni? Wakesho anataka kujua kama kitamuuma kwenye baridi ya AC, maana madam wake anaipenda kali. Nimemwambia mimi sijui, nitawauliza nyinyi. Anasubiri majibu.